Nyuzi Thelathini na Saba na Nusu

Kicheche alipita saa nane za usiku.
Asubuhi manyoya mlangoni pa banda,
na mayai kumi na matatu yana joto bado,
kama kiti alichokiacha mgeni sasa hivi.

Mama mkwe akasema: "Kuku wa maskini hatagi,
akitaga haangui. Kaanga, watoto wale."
Sikukaanga.
Nilichukua boksi la sabuni, nikatandika pumba,
nikaning'iniza balbu ya zamani, ile inayochoma,
na bakuli la maji pembeni, hewa isikauke.
Mume wangu Mchopa akatoboa matundu kwa msumari
huku anacheka:
"Fundi Somoe, leo unashona kuku?"

Kipimajoto niliazima kwa nesi wa zahanati.
Nyuzi thelathini na saba na nusu, akaniambia,
zisizidi, zisipungue.
Nyuzi! Mtu ananifundisha mimi nyuzi,
miaka kumi na tisa kwenye cherehani:
ukivuta sana zinakatika,
ukilegeza zinajisokota.

Kwa chaki ya kukatia nguo nikachora kila yai,
huku msalaba, huku duara.
Alfajiri misalaba juu. Adhuhuri maduara.
Usiku misalaba tena.
Wateja wakija kupimwa sare za unyago
nawaambia, subirini, nageuza watoto.
Nao wananitazama tumbo.

Siku ya saba, gizani, tochi ya simu nyuma ya ganda:
tisa yana mishipa, myembamba, myekundu,
uzi ulioangukia ndani ya maziwa.
Matatu matupu.
Moja sikuwa na hakika nalo.
Nikalizungusha, nikalizungusha, nikalirudisha.
Hata kitambaa chenye doa sikitupi kabla sijakifua.

Ya kumi na nane nikaweka chaki chini;
kifaranga anatafuta pa kutokea, hageuzwi tena.

Ya ishirini, umeme ukakatika Nanyamba nzima.
Gesi inachimbwa Msimbati, mkoa huu huu,
nasi tunaazimana viberiti.
Thelathini na tano. Thelathini na tatu.
Nikachemsha maji, nikajaza chupa,
nikazivisha soksi za shule.
Zikapoa. Nikachemsha tena.
Mkaa ukaisha, nikawasha vifuu.
Vifuu vikaisha.
Basi nikayapandisha kitandani,
nikajilaza ubavu, mayai kifuani na tumboni,
Mchopa nikamhamishia mkekani.
"Kwa hiyo mimi ndiye jogoo?" akauliza gizani.
"Jogoo haatamii. Nyamaza."

Nimezaa watatu, sikumbuki kulala hivi,
naogopa hata kupumua.
Karibu na adhana, chini ya mkono wangu,
kitu kikagonga.
Kidogo tu, kama ukucha wa mtu mwenye adabu mlangoni.

Hawana haraka. Anatoboa, anapumzika.
Anakata mviringo, kama mimi nikatavyo shingo ya gauni,
ila yeye hana kipimo.
Mkono ukaniwasha kumsaidia; nikaukalia.
Ukimfumua kabla ya wakati anatoka na damu.

Saba wakatoka.
Mmoja alitoa mdomo nje, akaishia hapo;
nimemzika chini ya mpapai.
Jingine lilikuwa viza.
Na lile la shaka likaja la mwisho,
mguu umepinda, sauti kubwa kuliko wote.

Umeme ulirudi, sijui saa ngapi.

Kesho yake nikakaa kazini, sare zinadaiwa.
Nikakanyaga pedali,
na wote wanane mbio,
wakijikwaa kwenye vipande vya vitenge,
wakaja kujibanza chini ya chuma, kwenye ule mngurumo.
Ndio waliousikia ndani ya ganda, siku zote zile.
Nikaacha kushona: wakalia.
Nikashona: kimya.
Mshono wa bega ulikwisha zamani, kitambaa kimefika ukingoni,
nikaendelea kukanyaga.